Mama ananiamulia kila kitu mpaka sijui mimi mwenyewe nataka nini

"Habari za kazi dokta. Nina miaka 27, nina kazi nzuri tu ila bado najiona kama mtoto. Mama ndo anaamua kila kitu changu, nguo, marafiki, hata kozi niliyosoma alichagua yeye, na kadi yangu ya benki anakaa nayo, mshahara ukiingia ananipa hela ya matumizi. Neno la siri la simu yangu analijua na meseji anasoma. Nikikataa kitu hanigombezi, ananuna hata wiki nzima hasemi na mimi, au anasema presha imepanda na mimi ndo nitakayemuua, siku nyingine anasema sitapata radhi zake. Baba alishafariki, na kaka yangu yeye haulizwi chochote. Sasa kazini nimepewa cheo na uhamisho mji mwingine, natakiwa nijibu ndani ya wiki mbili, mama kasema nikienda nisimhesabu tena kama mama. Kinachonitisha zaidi ni kwamba juzi rafiki yangu aliniuliza we mwenyewe unataka nini, nikakosa jibu, nikatamani nimpigie mama nimuulize. Nimesoma mtandaoni wanasema mama wa hivi ana ugonjwa wa kujipenda na dawa yake ni kukata mawasiliano kabisa. Je mimi ni mtoto mbaya? Nikate mawasiliano? Au niende tu?"

Mdogo wangu, umeuliza maswali matatu ila mimi naona chini yake kuna moja tu, je naweza kuwa mtu wangu mwenyewe na bado nikabaki mtoto wa mama yangu? Inawezekana. Ila haianzi kwa mama kukubali. Wengi wanakwama hapo miaka na miaka, wanangoja siku mama atakaposema sawa mwanangu nimekuelewa, sasa ishi unavyotaka, na ukiangalia vizuri kungoja ruhusa ya kujiamulia ni kuendelea kuamuliwa. Kwa hiyo karibu kila kitu nitakachokwambia hapa unaweza kukifanya mama akiwa bado hajakubali, akiwa amenuna, na wewe ukiwa bado unampenda.

Nianze na hili la mtoto mbaya kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Kwenye barua yako nzima sijaona mahali umemtukana mama au umemdhulumu au umemtelekeza ana shida. Nilichoona ni mtu anayehisi hatia halafu anaichukua ile hatia kama ushahidi kwamba amekosa. Sio kila hatia ina kosa nyuma yake. Kuna ile inayokuja ukimuumiza mtu kweli, umemdanganya, umekula haki yake, hiyo isikilize na kaombe msamaha. Kuna nyingine ni mwili tu ulivyozoeshwa. Mtoto mdogo hana pa kwenda, chakula, usalama, kubebwa, vyote viko kwa mama, kwa hiyo uso wa mama ukibadilika mwili wake unaona hatari ya kweli kabisa, moyo unaenda mbio, tumbo linakaza, na kinachomtuliza ni kimoja tu, mama arudi kuwa sawa. Rudia hivyo miaka ishirini na kitu, mwili unakuwa umeshajifunza kwamba mama akinuna ni hatari na mimi nikikubali ndo nafuu. Haujui tena kutofautisha, utaumia vilevile ukimwibia mama na utaumia vilevile ukichagua gauni asilolipenda. Ndo maana mimi huwa nashauri hatia ikija usikimbilie kuitii wala kuifukuza, jiulize swali moja tu: hapa nimevunja haki gani ya mama? Kama jibu huna, basi hiyo hatia itauma na itapita, na hakuna kitu inakudai ufanye.

Sasa kuna watu watakwambia aah huyo mama ni mkali tu, ndo malezi, ungeshukuru. Hapa naomba unisikilize vizuri maana vitu viwili tofauti vinachanganywa. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani anaitwa Brian Barber alivitenganisha vizuri sana, kuna mzazi anayesimamia tabia ya mtoto na kuna mzazi anayeitawala nafsi yake. Anayesimamia tabia anajua mtoto yuko wapi na nani, anaweka saa ya kurudi, kanuni zinajulikana na adhabu inajulikana, na mtoto anavyokua kanuni zinalegezwa. Hiyo kwa mtoto ni ulinzi, tena watoto wanaoikosa wako kwenye hatari zaidi ya kuharibikiwa. Anayetawala nafsi yeye anashika hisia. Ananuna, anaondoa upendo, anamfanya mtoto aamini yeye ndo chanzo cha machozi yake, mtoto akianza kusema anachofikiri anakatishwa au anabadilishiwa mada. Tafiti nyingi zilizofuata zimeikuta hii inaenda pamoja na huzuni na wasiwasi na kutojiamini. Na ni ngumu kuiona kwa sababu haina kipigo wala makelele. Umeandika "hanigombezi" kama unamtetea, na ninakuelewa, ila wiki nzima ya kutosemeshwa na mtu unayeishi naye ni adhabu nzito kuliko kugombezwa dakika tano yakaisha.

Kuna kazi nyingine ya mwaka 2004, ya watafiti Avi Assor, Guy Roth na Edward Deci, hii huwa naifikiria kila nikipata barua kama yako. Waliangalia wazazi ambao upendo wao unapanda na kushuka kutegemea mtoto kafanya nini, akitii anakumbatiwa, asipotii mzazi anapoa. Walichokuta ni kwamba kweli njia hiyo inafanya kazi, mtoto anafanya anachotakiwa, ila anafanya akiwa anasukumwa na kitu ndani kama deni, akifanikiwa furaha inakuwa ya muda mfupi sana, akishindwa anajiona hana thamani, na kwa mzazi mwenyewe anabaki na kinyongo. Halafu wakaangalia na kina mama wenye mabinti wakakuta kwamba mama aliyelelewa kwa upendo wa masharti ndiye ambaye binti yake alisema na yeye kalelewa hivyohivyo. Yaani kinatembea kutoka bibi kwenda kwa mama kwenda kwa binti. Sikwambii hivi ili umuonee huruma mama halafu ukubali kila kitu. Nakwambia ili uache kutafuta kosa lako wewe lililoyaanzisha haya, maana huenda yalianza hujazaliwa.

Hilo la ugonjwa wa kujipenda nitalipita haraka. Huo ni utambuzi wa kitabibu, anautoa mtaalamu aliyekaa na mtu mwenyewe, na mimi mama yako sijamuona, nimemsoma kupitia maumivu yako. Inaweza ikawa hivyo, inaweza ikawa ni wasiwasi mkubwa, huzuni ya kufiwa ambayo hakuwahi kuilia vizuri, au upweke tu. Mama aliyebaki bila mume wakati mwingine anamgeuza mtoto mmoja kuwa rafiki, mshauri na mlinzi wake, na anaweza kuwa binti, pengine kwa sababu anamuona kama yeye mwenyewe aliyeanza upya. Kaka yako haulizwi pengine kwa sababu mama hajioni ndani yake. Murray Bowen, daktari wa akili aliyeanza kuchunguza familia nzimanzima kule Marekani miaka ya 1950, alisema jambo ambalo mpaka leo tunalitumia, kwamba wasiwasi wa mzazi haugawanyiki sawa kwa watoto, kuna mmoja unamwangukia zaidi na huyo ndiye anayepata shida kubwa kujitenga. Ila jina la ugonjwa hulihitaji ili uanze. Hata tukijua leo mama anaitwa nani kwenye vitabu vya madaktari, kesho asubuhi bado itabidi uamue kadi ya benki inakaa kwa nani.

Tuje kwenye lile linalokutisha, kwamba uliulizwa unataka nini ukakosa jibu. Wewe unadhani ina maana ndani yako hamna kitu. Mimi nasoma kitu kingine. Kutaka ni uwezo unaokua kwa kutumika. Mtoto anachagua nguo ya ajabu anachekwa, anachagua rafiki mbaya anaumia, anachagua somo gumu anajuta, na kwa kurudia hivyo anaanza kujijua. Wewe hujapata hiyo nafasi, kila ulipotaka kunyoosha mkono jibu lilikuwa limeshafika. Mwanasaikolojia James Marcia mwaka 1966 alielezea hali nne ambazo vijana wanakuwa nazo katika kujijua, na moja ni ya mtu aliyejifunga kwenye kazi, imani na mipango ya maisha bila kuwahi kupitia kipindi cha kutafuta, amepokea tu kutoka kwa wazazi. Kwa nje anaonekana ametulia sana, kumbe hajawahi kujaribu. Anayetoka hapo kawaida anapitia kipindi cha kutojua, anajaribu hiki anaacha, anajaribu kile, watu wanamwambia amechanganyikiwa. Kwa hiyo huko kukosa jibu mimi nakuona kama ndo umeingia kwenye hicho kipindi. Umechelewa kidogo kuliko wengine lakini umeingia.

Na usifanye kosa ambalo naliona kwa wengi, kwamba ili nijijue nitafanya kinyume cha kila anachosema mama. Yeye anataka nguo ndefu mimi navaa fupi, yeye hampendi fulani mimi namfuata huyohuyo. Hapo bado mama ndiye anayeandika ratiba, wewe unaisoma tu kuanzia nyuma. Inawezekana kabisa vitu kadhaa alivyokuchagulia vinakufaa, pengine hata ile kozi unaipenda sasa, na ukiamua kubaki navyo baada ya kuvipima mwenyewe vinakuwa vyako.

Anza na vidogo, vidogo sana ambavyo mama hata akivijua havitaleta vita. Ukiwa unataka kununua kitu, kabla ya kumpigia yeyote andika mahali: mimi nataka hiki, kwa sababu hii. Hata kama sababu ni "nimekipenda tu". Ukiulizwa maoni na mtu, acha kusema chochote sawa, sema kitu kimoja hata kama huna uhakika, kesho unaruhusiwa kubadilisha. Angalia pia mwili wako, kuna watu ukiwa nao unapumua vizuri na kuna watu ukitoka kwao umechoka kama umebeba mzigo, kuna kazi unasahau muda na kuna kazi unaangalia saa. Hizo ni taarifa zako na hakuna anayeweza kukuletea. Baada ya miezi michache mtu anaanza kuona mpangilio, aa kumbe mimi ni mtu wa hivi.

Kuhusu kukata mawasiliano. Mtandaoni hili limekuwa jibu la kila kitu na sikubaliani nalo kama jibu la kwanza, ingawa kuna familia ambazo ndilo jibu sahihi, kwa mfano kama kuna kipigo, vitisho, unyanyasaji wa kingono au mzazi anakuja kukuharibia kazini. Huyo Bowen niliyemtaja aliona kwamba mtu anayekata na kukimbia bila kuwa amejitenga ndani mara nyingi anaubeba ule uhusiano kwenda nao. Anahama mji, halafu baada ya mwaka ana mchumba anayemchagulia nguo na kushika simu yake, au bosi ambaye akinuna yeye halali. Kile kiti cha kuamuliwa kinakuwa bado kipo wazi na mtu mwingine anakikalia. Na kinyume chake kuna binti anaishi nyumba moja na mama yake na ni mtu kamili. Marehemu Çiğdem Kağıtçıbaşı, mwanasaikolojia wa Uturuki, alipinga kwa miaka mingi ule mtazamo wa nchi za Magharibi kwamba kukua ni kujitoa kwenye familia, yeye alionyesha kwamba kujiamulia na kuwa karibu na watu wako ni mambo mawili yanayoweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Mimi naona hilo linatufaa sana sisi ambao mama kwetu sio mtu wa kuonana naye mara moja kwa mwaka.

Sasa hiyo presha, nataka niiongelee kitabibu kidogo kwa sababu imekufunga sana. Hasira na stresi zinaweza kupandisha presha kwa muda, hiyo ni kweli, hata ya kwako inapanda mkibishana. Ila ugonjwa wa presha, ule wa kupimwa siku mbili tofauti na kukutwa 140 kwa 90 au zaidi, unatokana na mambo mengi, umri, kurithi, chumvi, uzito, kutofanya mazoezi, na una dawa za kila siku zinazofanya kazi vizuri. Mpeleke mama akapimwe, kwa upendo kabisa na bila kumtega. Akikutwa nayo simamia dawa zake, na kaka yako naye apangiwe siku zake za kumpeleka kliniki, huyu ni mama yenu wote wawili. Asipokutwa nayo mshukuruni Mungu. Vyovyote itakavyokuwa, utii wako haumo kwenye orodha ya dawa za presha. Na akisema anajisikia vibaya, maumivu ya kifua, nusu ya mwili imelegea, maneno hayatoki vizuri, hapo hakuna mjadala, wahini hospitali hata kama mlikuwa katikati ya ugomvi. Ukishafanya hivyo mara zote, ugonjwa unatibiwa hospitali na uamuzi wako unabaki palepale ulipokuwa. Taratibu vitu hivyo viwili vinaachana.

La radhi siwezi kulizungumza kama kiongozi wa dini na kama linakukaa moyoni nenda kaongee na mmoja unayemwamini, tena mwenye busara, mwambie habari nzima na sio nusu. Mimi nachojua ni kwamba heshima unaweza kumpa mama kila siku ya maisha yako, kwa sauti yako, kwa huduma, kwa kumjulia hali, bila kumkabidhi uamuzi wa uishi wapi.

Jinsi ya kusema naye ndo wengi wanakosea, na wanakosea kwa kueleza sana. Ukimpa mama sababu tano, umempa vitu vitano vya kubishia, na yeye ni fundi wa hilo, amekuzidi miaka. Utamwambia kule mshahara ni mkubwa, atasema hela si kitu. Utamwambia utakuja kila mwezi, atasema safari zinaua. Mwisho utajikuta umechoka na umekubali. Sema kwa kifupi, kwa adabu, halafu nyamaza. "Mama nimekusikia, na hili nimeshaliamua." Akirudia, na wewe rudia maneno yaleyale kwa sauti ileile. "Najua limekuumiza mama, nakupenda, na bado nimeamua." Kama unaona umebanwa na utakubali kwa hofu, chukua muda, "mama nitakujibu kesho jioni", kisha ondoka kwenye chumba. Hiyo ya kesho nakuomba uifanyie mazoezi sana maana "ndiyo" yako imezoea kutoka moja kwa moja kabla hujafikiri.

Na ujiandae, mwanzoni itakuwa mbaya zaidi. Hili watu hawaambiwi ndo maana wanakata tamaa wiki ya kwanza. Mtu aliyezoea mlango unafunguka kwa kuusukuma kidogo, siku ukikwama haondoki, anausukuma kwa bega. Kununa kwa siku saba kunaweza kuwa siku kumi na nne, shangazi na wajomba watapigiwa simu, machozi yatakuwepo. Sio lazima awe amepanga, ni binadamu anafanya kwa nguvu zaidi kile kilichokuwa kinafanya kazi. Ukikubali siku ya kumi na mbili utakuwa umemfundisha kwamba kumi na mbili ndo kipimo kipya, kwa hiyo usianze na jambo ambalo huna uhakika unaweza kulisimamia. Wakati amenuna wewe usinune. Msalimie asubuhi, muulize kama amekula, mwambie unatoka unarudi saa ngapi, asipojibu endelea na shughuli zako bila kumbembeleza. Hii ni ngumu, nakwambia ukweli, kuna siku utakaa chooni unalia. Ila ndo sehemu ambayo mwili wako unajifunza upya kwamba mama amekasirika na mimi bado mzima na yeye bado mzima.

Kadi na simu. Mshahara ni wako kisheria na kiutu, ila kama mama anaishi kwa hiyo hela usiikate ghafla, hapo utakuwa kweli umemuumiza. Fungua akaunti nyingine, peleka namba yake kwa mhasibu wa ofisini, kisha mwambie mama kabla hajashtukia benki: kuanzia mwezi huu hela yangu nitaishika mwenyewe na wewe nitakupa kiasi hiki kila mwezi. Kiasi ukitaje, na ukitoe siku ileile kila mwezi awe amenuna au amefurahi, ili asije akaamini hela yake inategemea ugomvi. Neno la siri libadilishe na usimfiche. Najua sasa hivi kuna vitu unafuta, kuna majina umeyaandika kwa jina jingine, watu wanaobanwa sana wanajifunza kudanganya na wanajidharau kwa hilo. Kuwa na siri sio uongo. "Mama meseji zangu nitazisoma mwenyewe" ni sentensi ya kweli na inakutoa kwenye uongo wote huo.

Uhamisho. Umeniuliza uende au la na najua ungefurahi nikikwambia nenda. Sitakuamulia, kwa sababu nikifanya hivyo nitakuwa nimekaa palepale mama alipokaa, na mwezi ujao utaniandikia nikuchagulie nyumba. Ila naweza kukusaidia kulipima. Jiulize, mama angesema leo kwa moyo mweupe nenda mwanangu, ningetaka kwenda? Ukijibu hapana, kazi yenyewe huipendi au hupataki, basi una ruhusa ya kukataa na haitakuwa kumtii mama. Ukijibu ndiyo, basi unachokiogopa ni hasira yake tu, na hapa nasema wazi mtazamo wangu, kununa kwa mama peke yake sio sababu ya kutosha ya mtu wa miaka 27 kuacha cheo alichokitolea jasho. Sababu za kutosha zinaweza kuwepo, mama mgonjwa asiye na mtu, kwa mfano, lakini hizo nazo zina njia zake, kaka, ndugu, msaidizi wa nyumbani. Andika jibu lako siku tatu tofauti, kila mara kabla hujaongea na mama siku hiyo, kisha soma yote matatu kwa pamoja. Kama wiki mbili hazitoshi omba ofisini wakuongeze siku chache, mabosi wengi wanaelewa. Na ukiamua, wapelekee jibu kwa maandishi kwanza halafu ndo umwambie mama, sio umwambie kisha ukaandike.

Ukienda, kumbuka umbali hautafanya kazi badala yako. Simu kumi kwa siku zinaweza kukutawala hata ukiwa bara jingine. Panga naye muda wa kuongea, labda kila jioni mwanzoni, na huo muda usiukose, ila za mchana kazini usipokee zote.

Sasa nakuomba uniangalie hapa kwa makini. Haya yote nimeyaandika nikichukulia kwamba nyumbani hakuna kipigo. Kama mama au ndugu yeyote anakupiga, amewahi kukufungia ndani, ameshika vitambulisho na vyeti vyako au ametishia kukudhuru, basi usianze na mazungumzo ya kumwambia unabadilisha hiki na kile. Anza na usalama, mtu mmoja unayemwamini ajue, nyaraka zako au nakala zake zitoke kwanza, na ongea na ustawi wa jamii au polisi wa dawati la jinsia kama lipo mlipo. Kama mama atasema atajiua, usilichukue kama maneno tu na usilijibu kwa kukubali anachotaka, liite jina lake: "mama hilo ni jambo kubwa, nampigia kaka na tunakwenda hospitali sasa hivi." Kama anamaanisha atapata msaada, na kama ilikuwa hasira ataelewa kwamba neno hilo linaleta daktari. Na kama ni wewe unayewaza kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje hata siku moja, nenda hospitali au mwambie mtu aliye karibu akupeleke.

Nje ya dharura, mtafute mnasihi wa ana kwa ana kama huzuni imekaa wiki mbili au zaidi karibu kila siku, usingizi au hamu ya kula vimebadilika, unapata mashambulizi ya hofu, au umejaribu kusema hapana mara kadhaa na kila ukifungua mdomo unaganda. Huko kuganda hakutibiwi kwa kusoma ushauri, kunataka mtu wa kukaa naye ukafanya mazoezi mara nyingi. Siku ya kwanza muulize kabisa siri zangu zinakaa kwa nani na ni katika hali gani unaweza kuzitoa, muulize pia amewahi kufanya kazi na watu wazima wenye shida na wazazi. Akianza kukwambia mama ni mama vumilia tu, au upande wa pili akikusukuma ukate mawasiliano kabla hajakusikiliza vizuri, tafuta mwingine bila aibu. Kikao cha pamoja na mama kinaweza kuja baadaye kama wote mnataka, mapema mno kinakuwa mahali pengine pa wewe kunyamaza. Kwa hiyo siku ya kwanza nenda peke yako, hata mama akisema anataka kukusindikiza.